Nilipata 29, mume wangu 11: je, mimi ndiye mgonjwa?

"Daktari, naishi Bamburi, Mombasa, nina watoto watatu. Nauza mahamri na viazi karai. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii mpaka korona ilipofunga mahoteli mwaka 2020. Kafyu ilipoua biashara yangu ya jioni, nikahamia mahamri ya alfajiri. Mwezi wa Juni mwaka ule vijana wa utafiti walipita mtaani na fomu ya maswali kumi kuhusu msongo. Tulijaza sote wawili, tumekaa benchi moja. Kijana mmoja akajumlisha palepale: mimi 29, mume wangu 11. Akasema nina msongo mkubwa, mwenzangu yuko sawa. Tangu siku hiyo nikilalamika jambo lolote naambiwa, 'Wewe si ndiye wa ishirini na tisa.' Lakini yeye ndiye asiyelala. Saa tisa usiku namkuta kibarazani peke yake, na mnazi ambao zamani ulikuwa wa Jumamosi sasa ni wa kila siku. Mimi nalala vizuri. Nimekutumia picha za karatasi zetu. Je, mimi ni mgonjwa wa akili? Nitumie dawa? Na inawezekanaje mtu asiyelala apate 11?"

Dada yangu, nianze na swali lako la kwanza, maana naona limekukaa kifuani miaka yote hii. Hapana. Namba 29 haisemi kwamba wewe ni mgonjwa wa akili. Hata ungepata 40, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika fomu ile, isingesema hivyo. Halafu kuna jambo nililoliona baada ya kuzitazama picha zako mara mbili, mara tatu: wewe hukupata 29, na mume wako hakupata 11. Hesabu ilikosewa, na imekosewa kwa namna ambayo hukosewa mara nyingi sana. Shika kalamu tuifanye pamoja.

Fomu mliyojaza ni kipimo cha msongo jinsi mtu mwenyewe anavyouhisi. Kilitungwa Marekani na Sheldon Cohen, Tom Kamarck na Robin Mermelstein, kikachapishwa mwaka 1983 kikiwa na maswali 14. Toleo la maswali kumi lilitoka mwaka 1988, na ndilo lililozunguka dunia nzima wakati wa korona, kwa sababu ni fupi na mtu anaweza kulijaza hata kwenye simu. Kila swali linauliza mwezi mmoja uliopita ulikuwaje, na unachagua namba: 0 ni sikuhisi hivyo kabisa, 1 ni mara chache sana, 2 ni mara mojamoja, 3 ni mara nyingi, 4 ni mara nyingi mno.

Sasa hapa ndipo kijana alipoteleza. Maswali sita yanauliza mzigo: kukasirishwa na jambo la ghafla, kushindwa kuyadhibiti mambo makubwa ya maisha yako, kuona shida zimerundikana mpaka hazibebeki, na kadhalika. Maswali manne, la 4, la 5, la 7 na la 8, yanauliza kinyume chake. Yanauliza nguvu: ni mara ngapi ulijiamini kwamba shida zako utaziweza, ni mara ngapi uliona mambo yanakunyookea. Mtu anayejibu "mara nyingi mno" katika hayo manne anasema anajimudu. Kwa hiyo lazima yageuzwe kabla ya kujumlisha: 4 iwe 0, 3 iwe 1, 2 ibaki 2, 1 iwe 3, 0 iwe 4. Usipoyageuza, unamwongezea mtu msongo kwa kila nguvu aliyokuwa nayo.

Tazama karatasi yako. Kwenye maswali sita ya mzigo uliandika 3, 3, 4, 2, 3 na 2. Jumla 17. Kwenye yale manne ya nguvu uliandika 3, 2, 4 na 3. Jumla 12. Kijana akachukua 17 na 12 akapata 29. Ukiyageuza yale manne inavyotakiwa, yanakuwa 1, 2, 0 na 1, yaani 4. Alama yako ya kweli ni 21.

Karatasi ya shemeji, kwenye maswali ya mzigo, ina 1 tupu kuanzia juu hadi chini. Jumla 6. Kwenye maswali ya nguvu ameandika 1, 1, 2 na 1. Jumla 5. Sita na tano ndiyo ile 11 yenu. Geuza: 3, 3, 2 na 3, yaani 11. Jumlisha na 6, unapata 17.

Ishirini na moja na kumi na saba. Ile tofauti ya alama 18 iliyokugeuza kuwa mgonjwa wa nyumba ilikuwa alama 4 tu.

Sitaki utoke kwenye kosa moja uingie jingine, ukaanza kushika 21 kama ulivyoshika 29. Watu wengi hugawa alama hizi mafungu matatu: 0 hadi 13 msongo mdogo, 14 hadi 26 wa kadiri, 27 hadi 40 mkubwa. Kwa mafungu hayo nyote wawili mlikuwa katikati. Lakini mipaka hiyo haikuwekwa na waliotunga kipimo. Wenyewe walikitunga kwa ajili ya kulinganisha watu na watu, kundi na kundi, si kwa ajili ya kumpa mtu jina la ugonjwa. Ndiyo maana wengine hukata kwingine. Kolombia, mwaka 2020, watafiti walikirekebisha kipimo hikihiki ili kila swali liitaje korona yenyewe, wakaweka mpaka wa msongo mkubwa kwenye 25. Mtu mwenye 26 ana msongo mkubwa kule na wa kadiri kwingine, naye ni yuleyule.

Na usijilinganishe na namba za kwao. Mwaka 1983 Wamarekani 2,387 waliulizwa maswali haya na wastani wao ukawa kama 13. Wale hawakujaza wakiwa ndani ya janga, wala hawakuwa wakijibu kwa Kiswahili. Swali la nane, kwa mfano, lina msemo wa Kiingereza ambao ukiutafsiri neno kwa neno unakuwa "kuwa juu ya mambo." Nimewahi kuona fomu imeandikwa hivyohivyo, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Juu ya mambo yapi?" Akaweka 0, si kwa sababu hakujimudu, ila hakuelewa. Na sifuri hiyo ikigeuzwa inakuwa alama nne za msongo ambao mzee hakuwa nao. Nawaomba sana wanafunzi wanaochukua fomu hizi mtandaoni na kuzitafsiri usiku mmoja: wasomeeni watu watano wa mtaani kwanza, nao wawaambie kwa maneno yao swali limeuliza nini.

Turudi kwako. Kipimo kinapima msongo *unaohisiwa*, na neno hilo la pili ndilo lenye uzito. Mwanasaikolojia Richard Lazarus alitumia miaka mingi kueleza jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa namna yao: mzigo mmoja hauwalemei watu wawili sawa. Jambo likikufika, akili hufanya hesabu mbili karibu kwa pamoja. Ya kwanza: hili linatishia nini changu? Ya pili: nina nini mkononi cha kulikabili? Msongo huzaliwa pale ya kwanza inapoishinda ya pili.

Sasa ikumbuke Mombasa ya mwaka ule. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Viazi karai ni chakula cha baada ya magharibi, kwa hiyo karai lako lilizimwa saa ileile ambayo wateja huanza kupita. Siku chache baadaye, 8 Aprili, ikawa hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, watoto watatu wako ndani. Ungeandika 0 kwenye maswali ya mzigo ndiyo ningeshangaa. Hizo 3 na 4 zako ni jibu la mtu mzima wa akili anayeeleza kilichokuwa mbele yake.

Lakini tazama upande wa nguvu. Uliandika 12 kati ya 16. Ulikuwa umekwisha hamia mahamri ya alfajiri. Ulikuwa umelemewa, na ulikuwa unajimudu, vyote kwa wakati mmoja. Watu wengi hudhani hivyo viwili haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Vinakaa. Watafiti waliochambua kipimo hiki huona mara nyingi kwamba kina pande mbili ndani yake, upande wa kuhisi umeshindwa na upande wa kuhisi unaweza, na kwamba jumla moja huweza kuficha kinachotokea kila upande.

Ndipo nikasoma tena karatasi ya shemeji, na nikuambie kweli, hiyo ndiyo iliyonikalisha. Mzigo, anasema, karibu hakuna. Nguvu, 5 kati ya 16. Je, ulijiamini kwamba shida zako utaziweza? Mara chache sana. Je, mambo yalikunyookea? Mara chache sana. Mtu asiye na mzigo kwa nini asijiamini? Inawezekana alichora 1 kila mahali ili amalize fomu upesi, na hilo hutokea. Lakini ile 2 moja katikati inanifanya nidhani aliyasoma maswali. Nadhani aliulizwa mbele ya mkewe na kijana wa watu kama alikasirika, kama alishindwa, na mwanamume wa kwetu akiulizwa hivyo hadharani hujibu "aa, mara chache." Maswali ya nguvu hayaonekani kama kukiri unyonge, kwa hiyo pale alijibu ukweli. Barabara ya kwenda Tsavo ilikuwa imefungwa, na yeye kazi yake ilikuwa barabara. Wewe ulikuwa na karai la kuhamishia alfajiri. Yeye alikuwa na gari lisilo na mgeni. Haya ni mawazo yangu kutoka kwenye karatasi moja; mwenyewe ndiye anayejua.

Swali lako la tatu basi, inawezekanaje asiyelala apate 11. Jibu la kwanza ni hesabu. La pili ni kwamba fomu ile haiulizi usingizi. Soma tena maswali yote kumi: hakuna usingizi, hakuna pombe, hakuna hamu ya kula, hakuna swali hata moja kuhusu kutamani kufa. Mtu anaweza kuwa katika hatari kubwa na fomu isijue. Kwa unyogovu tuna fomu nyingine ya maswali tisa, inayouliza wiki mbili zilizopita, na swali lake la tisa linauliza moja kwa moja kama mtu amewaza kufa au kujidhuru. Ndiyo ambayo mhudumu wa afya huitumia akitaka kujua zaidi, tena hata hiyo haimalizi kazi bila mtu kukaa na mtu wakazungumza.

Nikueleze pia kuhusu saa tisa usiku, maana si saa ya bahati tu. Mtu akihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli: moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, usingizi unasogezwa kando. Hatari ikiisha, mwili hutulia. Wasiwasi wa kodi na karo hauishi jioni, kwa hiyo mwili unabaki macho. Anakunywa mnazi ili alale, na kweli humlaza, lakini ini likishaisafisha pombe, ubongo huamka kwa kishindo nusu ya pili ya usiku. Ndiyo hiyo saa tisa. Asubuhi amechoka, jioni anahitaji mnazi zaidi. Aliyeanza na msongo sasa ana msongo na pombe, na kila kimoja kinamlisha mwenzake.

Je, namba za msongo basi hazina kazi? Zina kazi kubwa, mahali pake. Mwaka 1991 Cohen huyohuyo na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Uingereza. Watu 394 wenye afya walijitolea kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua, aina tano tofauti, na mojawapo ilikuwa kirusi cha jamii ya korona kile cha mafua ya kawaida. Kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa wa kuambukizwa na kuugua. Kwa hiyo janga likija, kujua msongo wa watu wa mji mzima ni jambo la afya ya wote: linaonyesha akina nani wamelemewa ili wasaidiwe mapema. Ila ramani ya mji haikuambii kilichomo ndani ya nyumba yako. Usije pia ukaelewa kwamba msongo ndio huleta korona. Kirusi ndicho huleta. Na tafadhali usiuchanganye na presha. Presha hupimwa kwa mashine mkononi, na wapo wenye msongo mkubwa ambao presha yao haina neno, na kinyume chake. Kapimeni nyote wawili tu, ni dakika tano.

Kuhusu dawa: kwa ulichoniandikia, wewe huna sababu ya kutumia dawa yoyote. Hakuna kidonge cha alama 21, na alama yenyewe ni ya mwezi mmoja wa mwaka 2020. Imeshapita. Usinunue kidonge cha usingizi wala cha "kutuliza mawazo" dukani, wala usimnunulie mwenzako. Kikichanganyika na pombe kinaweza kumzimisha pumzi.

Kinachokufaa wewe, kama bado unajihisi umelemewa, ni kitu chepesi zaidi. Nairobi ilijaribiwa njia ya vikao vitano vinavyoendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, si madaktari. Wanawake 421 walishiriki, wengi wao waliopitia ukatili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: waliopata vikao hivyo dhiki yao ilipungua zaidi kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Walifundishwa kuvuta pumzi taratibu, kuchukua shida moja na kuikata vipande, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwaegemea. Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu kuna kikundi gani karibu.

Shemeji ndiye ningependa aonekane ana kwa ana, na mapema. Kituo cha afya chochote cha kaunti kinaweza kuanza. Waombe wawaelekeze kwenye kitengo cha afya ya akili kilicho karibu. Jambo moja ulishike sana: usimlazimishe kuacha mnazi ghafla, wala usimwage. Anayekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatiza siku moja anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa. Hupunguzwa chini ya uangalizi.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usingoje miadi: akisema afadhali asingekuwepo, akigawa vitu vyake, akiaga aga, akitafuta dawa ya panya au kamba bila sababu, au akikaa ghafla kimya cha ajabu baada ya siku za fadhaa. Muulize kwa uwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu kwamba mtu hatimaye ameuliza. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali, au piga 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo. Na asiogope polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai kwetu, na hofu hiyo iliwafunga watu midomo. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Najua utauliza utamwanzaje. Usianze na mnazi, atajitetea. Usianze na karatasi pia, ingawa najua una hamu ya kumwonyesha ile hesabu, na una haki. Ukimkuta tena kibarazani saa tisa, chukua kanga ujifunike, kaa naye kwenye baraza dakika kumi bila neno. Kisha mwambie unachokiona, bila kukipa jina: "Naona usiku huu pia umekukataa. Tangu lini?" Umwache ajibu. Akisema "aa, kawaida tu," usibishane. Mwambie kesho unakwenda kupima presha baada ya kumaliza mahamri, na ungependa mwende wote. Mkifika, mwambie muuguzi mbele yake kwamba halali. Muuguzi atajua pa kuendelea.